Bawa Lisilo na Pindo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mchokonozi alikuwa na kazi moja: kufungua milango ya karakana ya babu yake na kupanga ndoo mpya nje, ili wapita njia wazione. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake, aliyekuwa fundi cherehani. Ukuta uliotenganisha vyumba hivyo ulikuwa mwembamba, kwa hiyo msichana huyo alikua katikati ya sauti mbili: nyundo ya mbao ikigonga ko-ko-ko upande huu, na cherehani ikilia trrr upande ule.

Jina la Mchokonozi alipewa na babu. Tangu akiwa mdogo, hakuweza kuona kitu kimefungwa asikifungue. Alifungua redio ili aone msomaji wa habari amekaa wapi. Alifungua saa ya ukutani ili ajue ni nani anayeisukuma mishale. Ikawa kitu chochote kikiharibika nyumbani, babu huuliza, "Nani kachokonoa hiki?" na watu wote hugeuza macho upande mmoja.

Babu mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi Bati. Alitengeneza ndoo, makarai, mifereji ya kukinga maji ya mvua na vyombo vya kumwagilia bustani. Alifanyia kazi juu ya kipande cha reli alichokifanya kuwa fuawe lake, na hakuna ndoo yake iliyowahi kurudishwa kwa sababu ya kuvuja. Ukimsifu, hujibu, "Usinisifu mimi, lisifu pindo."

Mwaka huo darasa la Mchokonozi lilikabidhiwa shamba la mtama la shule. Mavuno yake yalikuwa uji wa watoto wa madarasa ya chini. Wanafunzi walilima, wakapanda, wakapalilia mpaka migongo ikawauma. Mtama ukastawi, ukatoa masuke mazito. Hapo ndipo kwelea walipopata habari.

Walikuja kwa makundi kama blanketi lililotupwa angani. Wanafunzi walisimamisha sanamu ya nyasi yenye kofia, lakini siku ya pili kwelea walikuwa wamekaa juu ya kofia ile wakijisafisha manyoya. Ikabidi wanafunzi wapokezane kwenda kupiga kelele shambani, huku wenzao wakiendelea na masomo.

"Tukiendelea hivi," mwalimu wa kilimo aliwaambia akiwa ameshika suke lililobaki ganda tupu, "tutavuna mabua, na mtihani mtaufanya kwa sauti zilizokauka. Nataka mawazo. Mwenye wazo lolote aje nalo, hata likiwa la ajabu."

Mchokonozi alihisi moyo wake umeruka. Wazo lilikuwa limemjia zima zima, kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Aliliona dege kubwa la bati juu ya mlingoti, mabawa yake yakizunguka kwa upepo, na kila yakizunguka yanagonga kopo lililofungwa tumboni. Alichora juu ya mchanga wakati wa mapumziko, akamwonyesha rafiki yake.

Rafiki huyo aliitwa Kifutio, kwa kuwa alikuwa akifuta kila alichoandika mpaka karatasi inatoboka. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Ni mzuri," alisema. "Ila upepo ukitokea upande mwingine je? Si utamsukuma ubavuni, mabawa yasizunguke?"

Swali hilo lilimkaa Mchokonozi kichwani njia nzima. Karibu na nyumbani alipita mbele ya fundi baiskeli, akaliona gurudumu lililochakaa limelazwa chini. Alilizungusha kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, halikutaka kusimama. Alichuchumaa akakitazama kile kitovu cha katikati chenye gololi ndani, kisha akasimama ghafla. Shingo ya mlingoti ilikuwa imepatikana. Ndege akikaa juu ya kitovu kama kile, upepo utamgeuza wenyewe kwa kumsukuma mkia. Fundi baiskeli alimpa gurudumu lile akiuliza kama na yeye sasa anafungua karakana.

Aliingia nyumbani akihema.

"Babu, shikamoo. Nataka kutengeneza ndege."

"Marahaba. Wa kufuga au wa kuliwa?"

"Wa bati. Atazunguka na upepo, atafukuza kwelea wote shambani."

Babu aliweka nyundo chini. "Mimi natengeneza vitu vinavyokaa pale vilipowekwa," alisema. "Lakini sitakukatalia. Kwanza njoo ujifunze pindo. Ukilijua pindo, utatengeneza ndege, chura, hata ngamia ukipenda."

Alichukua vipande viwili vya bati. Ukingo wa kipande kimoja aliukunjia juu, wa kipande cha pili akaukunjia chini, kisha akavishikanisha kama vidole vya mikono miwili vinavyokamatana. Akavigonga kwa nyundo ya mbao mpaka vikalala kabisa, kimoja ndani ya kingine. Akampa mjukuu wake avivute. Havikuachana.

Mchokonozi alijaribu. Ukingo wake ukaenda upogo kama njia ya mlevi. Akarudia, ukapasuka. Akarudia tena, na tena alasiri iliyofuata, lakini mawazo yake yalikuwa angani pamoja na ndege wake. Na kila siku iliyopita, kwelea walikuwa wakila.

"Hili pindo ni la ndoo," alimwambia Kifutio. "Ni la kuzuia maji yasivuje. Ndege wangu habebi maji."

"Babu yako amesemaje?"

"Babu anapenda mambo ya polepole."

Wakatafuta mabaki ya bati, wakaenda kufanya kazi nyuma ya nyumba. Mchokonozi alichora mabawa kwa mkaa, akayakata sawasawa na mstari, akayaunga na kiwiliwili kwa misumari na waya. Kazi ilikwenda mbio. Kifutio alivuta bawa moja kidogo, likacheza kama jino la mtoto.

"Linalegea hili."

"Nitaongeza waya," Mchokonozi alisema, na akaongeza.

Siku ya kumsimamisha ndege, darasa zima lilikusanyika shambani. Upepo ulipopuliza, ndege aligeuka taratibu juu ya shingo yake mpaka akaukabili. Mabawa yakaanza kuzunguka. Kopo likalia kang'a-kang'a-kang'a, na kundi zima la kwelea likainuka kwa mkupuo mmoja, likakimbilia ng'ambo ya barabara. Wanafunzi walirukaruka. Mchokonozi alihisi miguu yake haigusi ardhi.

Kisha upepo ukaongezeka. Mabawa yakazunguka kwa kasi, kopo likalia bila kupumzika, na katikati ya makelele hayo ukasikika mlio mwembamba wa waya unaokatika. Bawa moja lilichomoka. Likapita juu ya kofia ya mwalimu wa kilimo, likaenda kujikita kwenye boga lililokuwa limeiva kando ya shamba. Boga likagawanyika vipande viwili kama lililokatwa na mpishi.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliinama, akalichomoa bawa, akalitazama boga.

"Hili lingeweza kuwa kichwa cha mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Mteremsheni. Wazo lako ni zuri sana, binti, na nimeona lilivyowatimua. Lakini hapandi tena hapa mpaka babu yako aje kuniambia kwa mdomo wake kwamba ndege huyu ni salama."

Mchokonozi alijikaza kisabuni mpaka alipofika kona ya mtaa wao. Hapo machozi yakamshinda. Kifutio alibeba mkia wa ndege, yeye akabeba kilichobaki, na wakaingia karakanani bila kujua pa kukificha, maana babu alikuwa amekaa mlangoni.

Mchokonozi alimweleza yote. Alieleza waya, misumari, boga na kofia ya mwalimu. Alipomaliza, babu alimchukua yule ndege aliyevunjika, akamgeuzageuza, akafika kwenye shingo. Akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka. Akaizungusha tena.

"Hii nani kakuonyesha?"

"Hakuna, Babu. Niliona gurudumu kwa fundi baiskeli."

"Hakuna," babu alirudia polepole. Akasimama, akamweka ndege kwenye upepo wa mlangoni, akamtazama akijigeuza mwenyewe. Mteja mmoja alifika kuchukua karai lake, akasalimia, akakohoa, akasalimia tena. Babu hakumsikia. Macho yalikuwa yamemng'aa kama ya mtoto aliyepewa mpira mpya. "Miaka yote hii nimekunja bati," alisema, "na halijanipitia kichwani kwamba bati linaweza kuutafuta upepo." Kisha akaita, "Mama Mchokonozi, acha hiyo nguo kidogo, njoo uone mambo."

Mama alitoka chumba cha nyuma akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Hakuitazama shingo ya ndege. Alichukua bawa, akapitisha kidole gumba ukingoni, akatikisa kichwa.

"Umekata sawasawa na mstari," alisema. "Hukuacha pindo."

"Mama, ni bati, si nguo."

"Ukikata gauni bila kuacha nafasi ya kushonea, linafumuka siku ya kwanza. Bati nalo ni hivyo hivyo. Ulikunja nini, kama hukuacha cha kukunja?"

Babu alimgeukia. "Wewe ulijulia wapi habari za bati? Nilipotaka kukufundisha, si uliikimbia nyundo ukakimbilia sindano?"

Mama aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka. "Baba, sikukimbia mbali hivyo. Nilikuwa nakaa palepale, chini ya meza yako, nikikunja makaratasi kama ulivyokuwa unakunja bati. Siku niliyokalia cherehani kwa mara ya kwanza, mwalimu wangu aliniuliza pindo lililonyooka namna hii nimelijulia wapi. Nilimjibu kwa baba yangu. Kila nguo inayotoka chumba kile ina mkono wako ndani yake."

Babu alijifanya anatafuta nyundo, ingawa alikuwa ameishika.

"Basi," alisema mwishoni, "tunaanza upya. Ndege habebi maji, mjukuu wangu, lakini anabeba upepo, na upepo ukikasirika ni mzito kuliko ndoo yoyote niliyowahi kutengeneza. Wazo ni lako, wewe ndiye fundi mkuu. Sisi wawili ni vibarua wako. Anza kutupa kazi."

Karakana haikuwahi kuwa na shughuli kama iliyokuwa nayo jioni hiyo na zilizofuata. Mama alitandaza karatasi kubwa mezani, akamwonyesha binti yake jinsi ya kuchora bawa kama anavyochora mkono wa shati, kisha kulizungushia mstari wa pili kwa nje. "Mstari wa ndani ni bawa," alisema. "Wa nje ni pindo. Mkasi unafuata wa nje." Kifutio alipewa kazi ya michoro, na kwa mara ya kwanza kufutafuta kwake kukaonekana kuwa kipaji, maana mstari wake wa mwisho haukuwa na kosa.

Mchokonozi naye alikuja na jambo jipya. "Nataka mabawa yapinde kidogo," alisema, "kama kijiko. Nadhani yatakamata upepo vizuri zaidi."

"Sijawahi kuona bawa la kijiko," babu alisema.

"Mimi pia sijawahi. Tujaribu na kipande kidogo kwanza."

Wakatengeneza mabawa madogo, wakayapachika kwenye kijiti. Mchokonozi alitoka nayo mbio barabarani. Yakazunguka kwa kasi mpaka hayakuonekana tena kama mabawa, bali kama sahani inayong'aa. Aliporudi, babu alinyoosha mkono.

"Hebu nami nijaribu."

Akavua aproni yake, akashika kijiti, akakimbia. Mzee mwenye mvi alipita mtaani mbio, viatu vikipiga pa-pa-pa, mabawa yakivuma mbele yake, naye akicheka peke yake. Majirani walitoka nje wakidhani kuna moto. Fundi baiskeli alisimama na spana mkononi, mdomo wazi.

"Tulikuwa na Mchokonozi mmoja," mama alimwambia Kifutio. "Sasa wako wawili."

Lakini ulipofika wakati wa kuunga mabawa makubwa, babu alikataa katakata kushika nyundo. "Kukunja utakunja wewe," alisema. "Mikono yangu nitaiweka mfukoni." Akaitia kweli kwenye mifuko ya aproni, na ungeiona ikichezacheza humo kama paka waliofungiwa guniani.

Mchokonozi alikunja ukingo wa kwanza. Ukaenda upogo. Safari hii hakukasirika. Aliunyoosha, akauanza tena kwa mapigo madogo madogo, akisogea kidogo kila mara.

"Sikiliza," babu alisema. "Bati likiwa halijalala vizuri, nyundo inalia ko, ko. Likilala, sauti inakuwa nzito. Usitumie macho tu."

Alisikiliza. Ko. Ko. Ko. Alipogonga tena sehemu ileile, mlio ukabadilika ukawa mzito, du, kama mlango mzuri unapofungwa. Aliinua uso. Babu alikuwa tayari anamtazama.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, Babu."

"Basi hutaisahau tena mpaka uzeeke."

Mabawa yalipokamilika, babu alitoa mikono mfukoni na kuyajaribu bila huruma. Aliyavuta kwa nguvu zake zote. Akayakanyaga. Akatundika ndoo iliyojaa maji kwenye ncha ya bawa na kuiacha ining'inie wakati wanakunywa chai. Pindo halikusogea hata unywele.

Asubuhi waliyompeleka ndege shuleni, mama alifunga cherehani, babu akafunga karakana, na wakaongozana barabarani wakiwa wamembeba mabegani. Mwalimu wa kilimo alimsikiliza babu, akayavuta mabawa mwenyewe, akakubali. Ndege akapandishwa mlingotini mbele ya shule nzima.

Hakuna kilichotokea.

Hewa ilikuwa imetulia tuli. Jani halikutikisika. Kwelea walikuwa wametapakaa mtamani wakila kwa raha, na mmoja wao aliyekuwa jasiri kuliko wenzake alikuja kutua juu ya kichwa cha ndege wa bati. Nyuma ya umati mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mchokonozi alitazama vidole vya miguu yake. Babu alisimama karibu naye kama mtu aliyezoea kungoja.

Upepo ulianzia mbali. Kwanza ilisikika miti ya kando ya barabara, kisha mabua ya mtama yakainama yote upande mmoja. Ndege akageuza shingo, mkia ukahama, mabawa yakaanza. Yule kwelea jasiri aliondoka kama aliyepigwa fimbo. Kopo likalia, na shamba zima likainuka angani, kundi baada ya kundi, mpaka mtama ukabaki wenyewe ukipepea. Upepo ukazidi. Wanafunzi waliokumbuka boga walirudi nyuma. Mabawa yakavuma, yakawa sahani moja inayong'aa juani, na yakaendelea kuvuma. Hakuna kilicholegea.

Mchokonozi alipiga kelele ambazo hakujua kwamba anazo. Kifutio alimkumbatia, mama akawakumbatia wote wawili, na watoto wa madarasa ya chini wakaanza kuzunguka huku na huku mikono wazi, kila mmoja akiwa ndege.

Kwelea walirudi kuchungulia mara kadhaa katika siku zilizofuata, lakini kila walipokaribia, upepo uliwaharibia mipango. Siku zisizo na upepo wanafunzi waliwahi shambani kuwafukuza wenyewe. Mtama uliobaki ukakomaa, ukavunwa, na magunia yakatosha uji wa wadogo.

Siku ya mavuno mwalimu alimwomba Fundi Bati awaambie wanafunzi neno. Mzee alijikuna kidevu. Kuzungumza mbele ya watu hakukuwa kazi yake.

"Nilidhani kurithisha ufundi ni kumpa mtoto nyundo na kumwambia afanye kama mimi," alisema. "Binti yangu hakushika nyundo, nikadhani hakuchukua kitu kwangu. Kumbe alichukua pindo, akaenda nalo kwenye nguo. Mjukuu wangu alipata wazo ambalo mimi nisingelipata hata ningeishi mara mbili, akadhani linatosha peke yake. Nyote mliliona boga. Kwa hiyo nawaambia ninyi watoto: mkiwa na wazo, msilionee aibu, lakini nendeni kwa waliowatangulia, mjifunze kazi polepole mpaka mikono iweze kulibeba. Nasi wazee, mtoto akija na jambo ambalo hatujawahi kuliona, tusiseme haliwezekani. Tuseme, hebu tujaribu na kipande kidogo."

Watu walipiga makofi. Babu aliinua mkono kuwanyamazisha, kwa sababu hakuwa amemaliza.

"Kuanzia Jumamosi karakana yangu iko wazi kwa kila anayetaka kujifunza. Mjukuu wangu ataanza kwa kuwafundisha kukunja. Nani anakuja?"

Mikono iliinuka shamba zima, mikubwa kwa midogo, na mkono wa kwanza kabisa ulikuwa wa mwalimu wa kilimo.